Matundu Mengi ya Baba Shani

Mume wangu Abdulnasir hutengeneza majiko ya bati hapa Kabasa, Bunda, na ukitaka ugomvi naye, mpe bati umwambie asilitoboe. Kwake jiko lenye matundu machache ni dhuluma. Wateja ndio waliomzoesha: wanainua jiko, wanachungulia ndani, wakikuta matundu haba wanahamia kwa jirani.

Sasa mtu huyo ndiye ambaye binti yetu Shani, wa kidato cha tano, alimpelekea kazi ya baiolojia. Alitaka mipira miwili ya bati, ukubwa sawa. Mmoja uwe kiini cha seli ya ini, isiyopumzika mchana wala usiku. Huo utobolewe kila mahali. Wa pili uwe kiini cha chembe nyeupe ya damu iliyolala ikingoja ugonjwa; huo upate matundu ya kuhesabika. Akamweleza kwamba matundu hayo ni milango. Maagizo yanatokea humo, vifaa vinaingilia humo, na seli yenye shughuli nyingi haitoshelezwi na milango michache.

"Nimekuelewa, mama," akasema baba yake.

Alielewa nini! Jumamosi asubuhi, tumeshavaa kwenda shuleni, akaitoa mipira kwenye gunia. Yote miwili ilikuwa imetobolewa kama chujio la chai.

"Baba! Huu wa pili nilisemaje?"

"Niliuonea huruma. Watu watasema fundi Abdulnasir siku hizi anaibaga matundu."

Shani akaanza kulia. Mwanafunzi mmoja tu ndiye angechaguliwa siku hiyo kwenda kwenye maonyesho ya sayansi Butiama, na mwalimu Danford alikuwa ameshamwambia mbele ya darasa kwamba yeye ni kasuku, kazi yake kukariri. Neno hilo lilimkaa kifuani. Hata mimi lilinikera, maana kasuku huyo nimemzaa mimi.

Nikaingia jikoni. Kulikuwa na kiporo cha ugali wa muhogo, ule unaonata. Tukaziba matundu ya mpira wa pili, tukabakiza machache, juu tukapaka masizi. Abdulnasir alitutazama kama tunamzika mtu angali hai.

Shuleni wanafunzi walieleza kazi zao uani, wazazi tumekaa kwenye mabenchi. Zamu ya Shani ilipofika, mwalimu Danford akauliza, "Ni nini kinaamua kiini kiwe na matundu mangapi?"

"Ukubwa wa kiini, na zaidi kazi ya seli. Yenye kazi nyingi inakuwa na matundu mengi."

"Hiyo umekariri ukurasa gani?"

Watu wakacheka. Shani akainamisha kichwa, nami nikamchukia mwalimu yule kwa moyo wote.

Hapo ndipo tetea wa mlinzi wa shule aliporuka mezani. Akadonoa ule mpira wa chembe iliyolala. Tundu likafunguka. Akaonja, akapenda, akadonoa jingine. Nilitamani ardhi inimeze. Mlinzi akainua fimbo.

"Msimfukuze!" Shani alipaza sauti. "Mwalimu, hiyo chembe ilikuwa imelala. Sasa ugonjwa umeingia mwilini, huyo kuku ndiye ugonjwa. Chembe imeamka, inataka kutengeneza silaha, maagizo yamekuwa mengi, kwa hiyo kiini kinaongeza matundu. Angalia, yanaongezeka! Kiini cha kweli kingevimba pia, ila bati la baba halivimbi."

"Matundu yote nimetoboa mimi!" Abdulnasir akasimama kudai haki yake. Nikamvuta shati, akakaa.

Mwalimu Danford akasogea mezani, akakwangua mpira kwa kucha, akanusa.

"Shani, huu si ugali?"

"Ndiyo, mwalimu. Ugali ndio usingizi. Wewe mwenyewe ukiula mchana unajuaga."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwalimu alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Tetea naye hakujali mtu, aliendelea kuiamsha ile chembe.

"Hilo," mwalimu akasema akifuta macho, "hukulikariri popote. Butiama unaenda wewe."