Bakuli la Avis

Mji mzima wa Carver unalima kranberi, na mji mzima hauna habari nazo. Usicheke. Kila vuli watu wanafurikisha mashamba ili matunda yaelee, wanaingia majini mpaka kiunoni, wanakusanya yale matunda mekundu machungu, wanayauza, halafu hao dukani kununua sosi ya kranberi ya kopo. Ile inayochomoka nzima nzima na kutua sahanini ikiwa bado na mistari ya kopo ubavuni, inatetemeka. Hiyo ndiyo wanaigombania, watu wazima na akili zao.

Avis Shurtleff hakuwa mtu wa kopo. Avis alipika sosi yake mwenyewe, na kila mwaka, Jumapili ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, aliipeleka kwenye chakula cha pamoja cha kanisa, ndani ya bakuli la bluu lenye jina lake limebandikwa chini. Na pale kanisani bakuli ndilo cheti. Mwenye bakuli tupu anatoka kwa mlango wa mbele akiaga watu mmoja mmoja. Mwenye bakuli lililobaki limejaa analifunika kwa koti, anatokea mlango wa jikoni. Avis hakuwahi kutokea jikoni.

"Siri ni karafuu," alipenda kusema. "Na siki. Watu wanaogopa siki bure."

Watu waliiogopa, tena si bure. Aliyekuwa akimaliza lile bakuli ni mtu mmoja tu, Alden, mumewe. Sahani ya kwanza aliila mbele za watu akitabasamu. Iliyobaki aliimalizia jikoni mwa kanisa, amesimama, mkono mmoja umeshika sinki. Waumini wote walijua na waumini wote walinyamaza, maana kila kijiko alichokula Alden ni kijiko walichookoka wao. Huo nao ni upendo wa jirani, wa aina yake.

Majira ya kuchipua Alden akaugua moyo. Siku zake za mwisho alimshika mkono dada yake, Thelma, na Thelma akajua sasa anausiwa mambo mazito, ya mashamba au ya Mungu.

"Bakuli la Avis," Alden akasema. "Lisirudi na kitu. Niahidi, Thelma."

Thelma akaahidi. Nani atamkatalia mtu anayekata roho? Lakini tangu siku ile alikuwa akiiota ile sosi.

Basi Novemba ikafika, kama deni. Bakuli la bluu likakaa mezani kati ya bata mzinga na viazi vya kuponda, limejaa pomoni. Thelma akajikaza kisabuni, akaanza kampeni.

"Roscoe, onja kidogo hii ya wifi yangu."

Roscoe Tillson, mzee wa jirani, akakumbatia sahani yake. "Nilishaonja."

"Lini?"

"Mke wangu alipokuwa hai."

"Kijiko kimoja tu, Roscoe. Kwa ajili ya Alden."

"Alden nilimpenda kama ndugu," Roscoe akasema. "Lakini yeye keshapumzika. Mimi bado nina tumbo."

Mchungaji Whitcomb alikuwa hana pa kukimbilia, akachota nusu kijiko. Alifumba macho muda mrefu hivi kwamba mama mmoja alidhani sala imeanza, akainamisha kichwa. Baada ya hapo bakuli lile likawa kama lina ukoma. Watu walipitisha mikono juu yake kufuata ya kopo, na ya kopo iliisha, sahani ikafutwa kwa mkate.

Avis alikaa upande wa pili na sweta lake jeusi, anatazama.

"Vipi bakuli langu, wifi?"

"Wanaligombania, wifi. Huoni?"

"Naona," Avis akasema.

Watu walipoanza kukunja viti, Thelma akalinyakua bakuli, akajifungia nalo jikoni. Jambo la kwanza aliloliona ni sinki. Kumwaga mara moja, kufungulia maji, basi, ahadi imetimia. Lakini akamkumbuka Alden, ambaye sinki lile alikuwa nalo miaka yote ile na hakumwaga hata tone. Mjinga yule! Thelma akachukua kijiko, akaanza kula huku anamtukana marehemu kimoyomoyo. Siki ikampanda puani. Karafuu ikamtia ulimi ganzi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya msiba, pale mlango ulipofunguliwa.

"Kumbe sasa ni zamu yako," Avis akasema.

Thelma akameza. "Nilikuwa... naongezea kidogo tu, wifi."

"Acha hizo. Nimelala na yule bwana kitanda kimoja, nisijue kwamba kila mwaka Jumapili hii anatafuna dawa ya kiungulia gizani?"

"Ulijua?"

"Mwaka wa kwanza niliiunguza. Kabisa, sufuria nikaitupa. Akasema tamu. Nikasema haya. Mwaka wa pili nikazidisha siki, makusudi, nione. Akasema tamu. Nikaja na karafuu. Tamu! Nilikuwa nangoja aseme, 'Avis, hii haifai.' Neno moja la kweli ndani ya nyumba yangu, wifi, nilikuwa naomba kitu kikubwa? Hata kule hospitali nilimuuliza. Unajua alinijibu nini?"

Thelma alijua.

"Alikupenda, Avis."

"Alinisifia chakula kama mgeni. Maisha yangu yote nimeishi na mgeni mwenye adabu." Avis akavuta kiti, akakaa, akamkazia macho. "Haya, na wewe sema. Ikoje?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la ukoo wao, laini, halina gharama. Thelma alimtazama wifi yake na sweta lake jeusi, akalimeza pamoja na siki.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya vipi?"

"Mbaya, Avis! Heri nilambe betri. Kaka yangu kaniachia adhabu, na wewe umekaa kule unanitazama, huna hata haya!"

Kule ukumbini viti viliacha kugongana. Avis akaanza kucheka, kicheko cha kushika meza, mpaka kikabadilika katikati na kuwa kilio, ambacho siku ya mazishi watu walikingoja wasikione.

"Umeona?" akasema, anajifuta kwa mkono wa sweta. "Umeniambia, na sijafa. Yule mpumbavu alidhani nitakufa."

Thelma alitaka sana kumkumbatia. Lakini kwanza alikunywa maji.