Ungekaa Tu

Kabla hajawa mbunge alikuwa mkunga, na hata bungeni jina hilo lilimganda: Mkunga. Miaka kumi na tisa alizalisha wanawake katika zahanati yenye kitanda kimoja, na wale aliowapoteza aliwakumbuka kuliko wale aliowaokoa. Siasa aliiingia kwa jambo moja tu: kila zahanati iwe na wakunga wawili na gari la wagonjwa, mama asifie njiani.

Alikuwa wa upinzani. Upande wa serikali, aliyekubali kumsikiliza alikuwa mmoja, mzee waliyemwita Wakili, mtu wa ulimi mkali aliyewahi kumwita mbele ya waandishi "debe tupu". Miezi minane walivutana katika chumba cha kamati. Wakili alisema wakunga wawili kila mahali haiwezekani. Mkunga alisema mmoja ni sawa na hakuna. Hatimaye wakakutana katikati: wawili, lakini zahanati za mbali zianze, na gari moja lihudumie zahanati tatu.

"Umenikamua mpaka tone la mwisho, dada," Wakili alisema siku waliyomaliza kuandika muswada.

"Na wewe umeninyima nusu ya nilichokuja nacho, kaka."

Walicheka mpaka karani akachungulia. Tangu siku hiyo wakawa kaka na dada kweli, wakijuliana hali za nyumbani, ingawa wenzao wa pande zote mbili waliwatazama kama watu wanaoficha kitu.

Siku ya kuupigia kura ilikuwa ya mwisho kabla Bunge halijavunjwa kwa ajili ya uchaguzi. Asubuhi chama kiliwaita watu wake. Mnadhimu, yule anayewapanga wabunge wa chama na kuwabana, alikuwa mdogo wake Mkunga wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, Mkunga ndiye aliyembeba mgongoni.

"Leo tunatoka ukumbini," Mnadhimu alitangaza. "Wa serikali wengi wako majimboni wanaomba kura. Tukitoka sisi, akidi haitimii, na muswada unakufa."

"Muswada ni wangu," Mkunga alisema.

"Ukipita watautembeza nchi nzima kuwa ni wao. Tukishinda uchaguzi tutauleta wenyewe, mzuri zaidi."

"Na tukishindwa?"

Mnadhimu alimvuta pembeni, akashusha sauti. "Dada, ukibaki ndani watasema sijamuweza hata dada yangu. Nitavuliwa cheo leo leo. Wewe ndiye uliyenilea. Usiniangushe."

Saa tano Wakili alisimama kusoma kifungu cha kwanza. Wapinzani wakainuka mmoja mmoja, wakashika njia ya mlangoni. Mkunga alibaki ameshika mgongo wa kiti chake. Wakili akaacha kusoma. Hakumwita. Aliteremsha miwani, akamtazama, akamngoja. Pale mlangoni mdogo wake naye alikuwa anangoja, jasho likimtiririka.

Mkunga akatoka.

Kengele ililia dakika tano kuwaita wabunge. Koridoni wenzake walikuwa wakitaniana kama watoto waliotoroka darasani. Kisha kupitia kipaza sauti cha ukutani akamsikia Spika: "Waliopo ni tisini na tisa. Kanuni inataka mia moja."

Basi. Mmoja.

"Tumewaweza, dada," Mnadhimu alisema, akamkumbatia. Mikono ya Mkunga ilining'inia tu.

Wakili alipotoka na mafaili yake kwapani, Mkunga alimfuata. "Kaka..."

"Mheshimiwa," alijibu kwa adabu, akampisha njia, akaenda zake.

Chama chao kilishindwa vibaya. Mnadhimu alipoteza kiti. Mkunga alirudi bungeni na wachache. Wakili hakugombea tena, na simu za Mkunga hakupokea. Mawaziri wapya walimwambia Mkunga suala la wakunga ni zuri, ila lina foleni yake.

Mwezi wa saba baada ya hapo alipigiwa simu na muuguzi aliyemfundisha mwenyewe, sasa akiwa peke yake katika zahanati ya mbali, mojawapo ya zile ambazo zingeanza. Alikuwa amempoteza mama aliyekuja kujifungua.

"Walikuwa wawili kwa wakati mmoja, mama," muuguzi alimweleza alipofika. "Ilibidi nichague. Nilianza na mwenzake, huyu akajifungua peke yake na damu haikukatika. Nikampeleka hospitali kwa pikipiki, akanishikilia kiuno, halafu mikono ikalegea."

Mkunga alitaka kumwambia hakukosea. Badala yake aliomba apelekwe kwa wafiwa.

Walikwenda msibani. Mume wa marehemu, kijana wa kuchonga milango, aliwaletea viti alivyovitengeneza mwenyewe. "Asante kwa kuja, mheshimiwa. Wakubwa wengine hawafiki huku."

Shukrani ile ilimshinda. Akamweleza yote: muswada, akidi, mia moja, tisini na tisa. Alieleza polepole, kama alivyozoea kueleza wazazi wa mara ya kwanza. Kijana alisikiliza kwa heshima, kichwa ameinamisha.

"Sikuelewa vizuri, mama," alisema mwishowe. "Ulitakiwa uwashawishi?"

"Hapana."

"Utoe hotuba?"

"Hapana, mwanangu."

Akafikiri. "Kwa hiyo ungekaa tu?"

"Ningekaa tu."

Kijana alitikisa kichwa taratibu. Ndani mtoto mchanga alianza kulia, naye akainuka, akaenda kumchukua.