Koti Lililoliwa na Panya

"Panya gani wa kula koti zima?" mwenye nyumba aliuliza.

"Mama, usiwachukulie mzaha," akajibu Mzee Sindano, mkono bado uko kwenye gurudumu la cherehani. "Jana nimemkuta mmoja kakaa juu ya sanduku lako, kasokota masharubu, ananitazama kama nimemcheleweshea suruali."

Bibi yule hakucheka. Alilifunga sanduku tupu polepole, kama anayemfunika mtu uso, akaondoka.

Nyumba ile haikuwa na panya hata wa dawa. Ilikuwa na fundi mstaafu mwenye mkasi mkali na subira fupi. Mwanawe na mkwewe walikuwa wameamua kuzunguka nchi za watu mwaka mzima na mtoto wao mchanga, na kwa vile mfuko ulikuwa mwepesi, mkwe akabuni ujanja: wakae majumbani mwa watu, na badala ya kodi, babu ashone. Pazia hapa, shuka pale, wakawa wanalala bure mji baada ya mji. "Tunasafiri kwa sindano yako, baba," mkwe alizoea kumwambia, naye mzee akavimba kichwa.

Hapa kazi ilikuwa foronya za mito ya sebuleni, na kitambaa kilipunguka. Fundi mwenye adabu angeuliza. Yeye alifungua sanduku chini ya ngazi, akakuta koti zito la kizamani, akalifumua, akalikata, akashonea migongo ya mito, upande usioonekana. Kumbe lilikuwa la marehemu mume wa bibi, na kola ilikuwa bado na harufu yake. Alipoulizwa, ulimi ukamtangulia.

Kesho yake asubuhi mwana na mkwe walikwenda sokoni wakamwachia mtoto. Mzee aliinama kutunga uzi. Alipoinua uso, blanketi lilikuwa tupu.

Mwenye nyumba akatokea ukumbini na glavu mikononi. "Mzee wangu, sasa utapumua. Nimewatega panya wako. Mkate wenye sumu, nyuma ya makabati, chini ya vitanda, kila pembe."

"Kila pembe! Na mtoto je?"

"Mtoto si wa kubebwa?"

"Ameanza kutambaa juzi!"

Husemwa majuto ni mjukuu. Ya Mzee Sindano yalikuwa yanatambaa sakafuni. Alipiga magoti yaliyokuwa yakilia kama bawaba, akaingia chini ya meza ya chakula. Mtoto alikuwa pale, anatafuna, makombo kidevuni. Mzee akamtia kidole kinywani, akatoa tonge la mkate lililolowa.

"Sumu yangu ni ya buluu," bibi alisema, akiinama karibu. "Tazama, mzee. Ni buluu?"

Ulikuwa mweupe. Ganda la mkate wa chai ya asubuhi, basi. Lakini pembeni, karibu kabisa na mkono wa mtoto, kipande cha buluu kilikuwa kimelala chini ya kabati.

Mzee alimkumbatia mtoto hadi huyo mdogo akalia. Kisha akavuta mto mmoja kutoka kwenye kiti, akaugeuza.

"Viokote vipande vyote, mama. Panya hakuna. Panya ni mimi."

Bibi aliutazama mfuko wa koti uliobaki mgongoni mwa mto. Akaingiza vidole ndani yake, akavitoa. Hakutukana. Alipiga magoti, na kwa muda mrefu walitambaa wote wawili, mtoto mgongoni kwa mzee, chumba hadi chumba, wakiokota mkate.

"Koti ningelilia, nikanyamaza," alisema mwishowe. "Lakini huyu mtoto? Kwa hadithi ya masharubu?"

Mzee alimshusha mtoto mgongoni, akamlaza blanketini, akamfuta makombo kidevuni.

"Mimi simwambii mkweo. Hilo ni lako."

Mkwe alitangulia kurudi, anacheka, kikapu kichwani. "Baba! Mama mmoja sokoni kasikia habari zako. Ana nyumba mji unaofuata, na mapazia yamemchosha. Anatupa vyumba viwili! Jina lako linafika kabla yetu." Akamwinua mtoto, akambusu, akamnyooshea babu yake. "Hebu nishikie nipange vitu. Nani mwingine nitamwamini?"

Mzee Sindano aliificha mikono nyuma.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema. "Usinipe mtoto bado."