Gari Lina Mwenyewe

Kama kuna mtu Mombasa hii aliyeshiba magari, basi ni Ayman Farah. Ofisi yake iko Shimanzi, katikati ya maghala na malori, na kazi yake ni kuyatoa bandarini magari ya watu yanayoshuka melini. Yamepita mengi mikononi mwake hata hayatazami tena. Kwake gari ni karatasi, mihuri, na mwenyewe anayepiga simu kutwa kuuliza limefika wapi. Ndiyo maana jamaa zake walimcheka walipomwona mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, amepagawa na Pijo 404 ya zamani ambayo hata haijulikani kama bado ipo.

Pijo yenyewe ilikuwa ya babake, mzee Farah, aliyekuwa na duka la leso mjini. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, viti vyekundu, gia ipo kwenye usukani, na mbele kabisa palikuwa na simba wa chuma. Ayman alipokuwa mtoto, kabla ya kulala ilikuwa lazima atolewe nje amguse yule simba amuage, la sivyo nyumba nzima hailali. Kisha biashara ya mzee ikayumba, gari likauzwa, mtoto akalia siku mbili tatu, akakua, akasahau. Mwaka jana mzee Farah alipofariki, ndipo simba alipomrudia. Akawa anamwota.

Ugonjwa ukaanza hapo. Alienda Mwembe Tayari kwa Kiti, mkatisha tiketi wa mabasi ya bara anayewajua madereva wote wa zamani, na Kiti akamwambia gari lile lilinunuliwa na mfanyabiashara wa Voi. Ayman akaenda Voi. Watoto wa mfanyabiashara wakasema baba yao alimuuzia mwalimu mmoja Taveta. Akaenda Taveta. Badria, mkewe, akamuuliza kama kweli ni gari analolitafuta au kuna mke mwenzake huko. Ayman hakucheka. Mtu akishikwa na jambo la namna hii hata utani haumwingii.

Mwalimu wa Taveta alikuwa hai, masikio yamezibika lakini akili timamu. "Nililiuza zamani," alisema kwa sauti kubwa. "Alikuja mtu wa Mombasa, akasimama pale kando ya gari akalia kama mtoto. Akaniambia yeye ndiye aliyekuwa dereva wake. Chirau jina lake. Sikuweza kumnyima."

Ayman aliganda kwenye kiti cha plastiki, chai ikapoa mkononi.

Chirau alikuwa dereva wa babake. Na Mwanarusi, mke wa Chirau, alikuwa mama yake Ayman. Sisemi hivyo kwa heshima tu. Mamake mzazi alipatwa na homa kali baada ya kujifungua, maziwa yakakatika, na Mwanarusi, aliyekuwa ametoka kujifungua msichana, akamchukua Ayman akamnyonyesha pamoja na bintiye mpaka wote wawili wakaachishwa. Kwa dini na kwa ada yetu huyo ni mama, na yule msichana, Mejumaa, ni dada wa haki kabisa ambaye hata kumuoa ni haramu. Na watu hao wawili walikuwa wakiishi Kibokoni, Mji wa Kale. Kutoka nyumbani kwa Ayman, Ganjoni, ukipanda tuktuk hujamaliza hata kumjulia hali dereva umeshafika.

Alikuwa akijua wapo. Chirau alipofariki, miaka mingi iliyopita, habari ilimfikia ofisini. Siku hiyo kulikuwa na meli, akasema akipata nafasi ataenda kutoa pole. Ikaja meli nyingine. Baadaye muda ukawa umepita mno hata kwenda ikawa aibu, na aibu hiyo akaifanya ndiyo sababu ya kutokwenda.

Mtu mwenye haya angerudi kutoka Taveta akaenda kwanza kusalimu, gari akalisahau walau mwezi mmoja. Ayman aliona haya, tena nyingi. Lakini alikodi lori.

Kesho yake alasiri alinunua kilo ya halua, akamwambia Tom, dereva wa lori la kubebea magari, asimame mbali kidogo asionekane kutoka nyumbani kwa Mwanarusi. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja, na kiwanjani palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa turubai na kufungwa kamba vizuri. Hakuweza kungoja. Kabla ya kupiga hodi, kabla ya kumwamkia mtu yeyote, aliinama akainua pembe ya turubai, akatia mkono, akamgusa simba.

Alipoinua uso alimwona mwanamke amesimama dirishani juu, anamtazama. Akaushusha mkono haraka kama mwizi.

Alizunguka mbele, akasimama barazani.

"Hodi!"

"Ni nani?"

"Ayman. Ayman wa Farah."

Mlango ulifunguliwa na mwanamke yule yule wa dirishani, na akamtambua kuwa ni Mejumaa. "Na hapa nawe wapiga hodi?" alisema, akamnyooshea mkono. Ayman alisita, kwani si desturi yake kushikana mikono na wanawake wa watu. Kisha akakumbuka kuwa huyu si mke wa mtu kwake, ni dadake. Mejumaa aliuona mkono ule ukisita. "Pita. Ndugu hangoji barazani."

Mwanarusi alikuwa ameketi kitandani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, macho yameingia ukungu. Ayman alipiga magoti akambusu mkono.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri, mwanangu. Ayman, ndiye?"

"Ndimi, mama."

"Alhamdulillahi. Mejumaa, mtilie nduguyo kahawa." Akamshika mkono asiuachie. "Badria hajambo? Na Hussam yuwaje, ashamaliza chuo? Na Bayan, ule mguu wake ushapona?"

Ayman alijibu moja moja. Bayan mwanawe alivunjika mguu mwaka jana, na yeye hakumwambia mtu wa nyumba hii. Mombasa ni ndogo kwa anayeuliza. Yeye alitaka kurudisha maswali hayo, kama ilivyo adabu, lakini hakujua Mejumaa ana watoto wangapi, wala hakujua hata kama anao.

"Nimekuja kukuangalia, mama," alisema.

Mejumaa aliacha kumimina kahawa. Alimtazama nduguye kidogo, akaendelea kumimina. Mwanarusi alitabasamu, akaupigapiga mkono wake. Na pengine uongo ule ungepita salama, lakini honi ililia nje, mara mbili, na sauti ya Tom ikafika mpaka ndani:

"Mkubwa! Nimeziba njia, watu wa mikokoteni wananitukana! Nilete lori huku nyuma tulipakie hilo gari, ama vipi?"

Ayman alitamani sakafu ipasuke.

"Mbona wanyamaza?" Mwanarusi aliuliza, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. "Mwambie alete."

"Mama, mimi..."

"Ngoja nikwambie. Marehemu Chirau alilinunua kwa ajili yako. Alisema, huyu mtoto ipo siku ataliulizia. Alipokufa walikuya watu kulitaka, mmoja ataka kupakia maharusi. Hata paa lilipokuwa lavuja Mejumaa aliniambia, mama tuliuze. Nikakataa. Wote niliwambia gari lina mwenyewe."

Ayman aliuliza: "Si ungeniita, mama? Ungetuma mtu tu, ningekuja."

"Twalituma," Mejumaa alisema. "Baba alipokufa twalituma."

Mwanarusi alimnyamazisha binti yake kwa mkono. "Si lawama. Watoto wana kazi zao. Mimi nalijua hutonitafuta. Lakini gari, nalijua utalitafuta tu. Wewe hukuwa walala mpaka umguse simba. Huyu Mejumaa alia ndani ataka ziwa, mimi nimekubeba nje usiku, nakwinamisha umuage simba wako. Hapo ndipo ulale." Akacheka kidogo. "Basi nikasema, madamu gari liko hapa, ipo siku utakuya."

Mwaka mzima Ayman alikuwa amemwota simba yule, baridi yake chini ya vidole, meno yake, mkia wake. Hata siku moja hakuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa amembeba. Mtoto wa umri ule hafiki kwa simba mwenyewe. Kulikuwa na mikono, na sasa mikono hiyo ilikuwa imeshika mkono wake, imekauka na kuota mishipa, na yeye aliikuta kwa sababu tu ilikuwa karibu na gari.

"Silitaki tena, mama. Libaki hapa hapa. Tom namrudisha."

"La. Usinivunje moyo." Alipapasa chini ya mto, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye kitambaa, akautia kwenye kiganja cha Ayman na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja. "Limeshafanya kazi yake. Lichukue, mwanangu, nifurahi."

Angeweza kushikilia kukataa. Lakini ufunguo ulipomgusa kiganja alifurahi, alifurahi kweli, na kati ya mambo yote ya siku ile hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote. Aliondoka akaacha bahasha chini ya sahani ya halua. Mejumaa alimkimbilia nayo mpaka barazani, akamrudishia. "Mama hajauza kitu yeo," alisema.

Shimanzi walimpokea kwa shangwe. Vijana wa ofisini waliliosha gari, wakalipiga picha, wakagombania kukaa nyuma ya usukani. Walipoondoka, Ayman alibaki peke yake uani, akainama mbele ya gari, akamgusa simba, akangoja ile raha ya utotoni. Haikuja. Kilichokuja ni kilio cha mtoto wa kike ndani ya nyumba, anataka ziwa, na mama yake yuko nje na mtoto wa watu. Hakuweza kukikumbuka kilio hicho, alikuwa mdogo mno, lakini tangu alipokisikia kikisimuliwa hakikumtoka tena. Alilifunika gari kwa turubai lile lile, na kamba zile zile.

Siku zile hakulala vizuri. Badria alimuuliza kama gari limeharibika. Akamwambia gari ni zima.

Ijumaa, baada ya sala, alipanda tuktuk mpaka Kibokoni. Hakuchukua lori wala bahasha. Hata halua aliiacha, akiogopa isije ikaonekana ni malipo. Kiwanjani palipokuwa na gari palikuwa na alama ya nyasi zilizofifia, na kuku walikuwa wameanza kupachakura. Safari hii hakungoja barazani. Alitoa salamu akaingia moja kwa moja, akapiga magoti akaubusu mkono.

"Masalkheri, mama."

"Ayman?" Mwanarusi alishtuka, akajiweka sawa kitandani. "Umesahau nini, mwanangu?"

"Sijasahau kitu, mama. Nimekuja tu."

Mwanarusi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama aitikiavyo mtu mzima anaposikia maneno ya adabu. "Usione haya, sema tu. Hapa ni kwako." Kisha akageuka upande wa ngazi. "Mejumaa! Nduguyo amekuya kutwaa vitu vya gari vilivyosalia."

"Sikuja kutwaa kitu, wallahi, mama. Nimekuja kukaa na wewe."

"Haya, mwanangu," alisema kwa upole, na Ayman akajua hajaamini hata neno moja.

Mejumaa alikuwa ameshainama chini ya ngazi. Ilisikika milio ya vyuma, kitu kinasogezwa, kingine kinaanguka. Akatoka na jeki ya zamani ya Pijo, amekwisha kuifuta kutu, na spana yake ya magurudumu imefungwa kwa kitambaa. Akaviweka mlangoni, kando ya viatu vya Ayman, asije akapata tabu ya kurudi tena.