Karibu Iliyotufukuzia Wateja

Mume wangu ni fundi seremala mstaafu, na nayasema haya mbele yake: mikono yake ni dhahabu, mdomo wake hauna breki. Mara tatu tumeshindwa kuuza nyumba kwa sababu ya neno moja tu, nalo ni karibu.

Msinicheke. Nisikilizeni kwanza.

Nyumba yetu ni ya ghorofa, aliijenga mwenyewe. Vyumba vya kulala viko juu, vidato kumi na vinne, nimevihesabu kwa maumivu. Tangu goti la kulia linigomee nalala kwenye kochi sebuleni, na mwezi wa tano huu sijakiona chumba changu. Nikitaka nguo nampigia kelele mume wangu aniteremshie, naye ananiletea isiyo yenyewe. Mtaa wa pili, mlango wa tatu kutoka kwa dada yangu, kulikuwa na nyumba ya chini, haina hata kizingiti. Mwenyewe alitushikia, lakini alisema wazi: mwisho Jumamosi, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Kwa hiyo hii yetu iuzwe, la sivyo mimi nizeekee kwenye kochi.

Wakaja wateja wa kwanza, mtu na mkewe. Walipopiga hodi tu, mume wangu akaruka. "Karibu! Karibuni sana! Piteni, kaeni!" Akawapikia chai kwa mkono wake, mtu ambaye mimi nikimwomba chai ananiuliza sufuria iko wapi. Akawasimulia alivyopiga randa mbao za ngazi, moja baada ya nyingine. Watu wa watu wakanywa, wakatikisa vichwa, wakasema hongereni kwa nyumba nzuri, wakaaga. Juu hawakupanda. Jikoni hawakuingia. Hatukuwaona tena.

Wa pili alikuwa karani mmoja mwenye miwani. Huyo alijitahidi. Kikombe kikiwa mkononi, aliuliza kwa upole kama paa linavuja. Ala! Mume wangu akanuna papo hapo.

"Umekalia kiti changu, unakunywa chai yangu, halafu unaniuliza kama paa langu linavuja?"

Karani akaweka kikombe chini, akaomba radhi mara mbili, akatoka. Na paa lilivuja kweli, mvua zilizopita! Limeshazibwa, ila doa limebaki kwenye dari ya chumba cha nyuma. Wale wa tatu sitaki hata kuwasema. Waliondoka na stuli ya zawadi.

Dalali wetu ni binti mfupi, mtaani wanamwita Funguo kwa sababu hatembei bila furushi la funguo kiunoni. Jumatano alikuja amefura.

"Mama, nyinyi mnauza nyumba au mmefungua hoteli?"

"Muulize baba yako huyo."

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Kwani kosa langu nini? Watu wakija kwangu nisiwakaribishe?"

"Ndiyo, usiwakaribishe!" Funguo akajitupa kwenye kochi langu. "Mteja ukishamwambia karibu, umemfanya mgeni. Mgeni hafungui kabati la watu. Mgeni hagongi ukuta asikie kama una unyevu. Anasifu, anashukuru, anakwenda zake. Mimi nataka mtu aingie afungue mabomba, avute choo, alalamike! Akilalamika ujue anaitaka. Ijumaa saa nne namleta nesi na mumewe. Nisiwakute humu, hata mmoja."

Mume wangu akanitazama nimtetee. Thubutu! Nilimwambia kuanzia dakika ile usukani ninao mimi.

Alhamisi tulifanya kazi. Yaani yeye alifanya, mimi nilielekeza kwa fimbo. Mapazia yakafunguliwa yote. Makopo ya rangi na vipande vya mbao alivyovilimbikiza chini ya ngazi, eti vitafaa siku moja, vikatolewa nje. Picha za harusi na za wajukuu tukazishusha, na hapo sitadanganya, niliumia. Ukuta ulibaki na alama za misumari, nikakaa nazitazama mpaka chai ikapoa.

Lile doa la dari alitaka kulipaka rangi nikamkatalia. Nikachukua karatasi, nikaandika: paa lilivuja hapa, limezibwa, bomba la bafuni likazwe sana, kidato cha tatu kinalia ukikikanyaga katikati. Nikaiweka juu ya meza ya jikoni. Kama ni kujua, wajue kutoka kwetu, wasije wakagundua wenyewe wakatuona matapeli.

Kitu kimoja tu sikukiandika, mlango wa mbele. Unakwama. Mpaka uuinue kidogo ndipo unafunguka. Mume wangu ana mwaka wa sita anasema ataupiga randa kesho. Niliona haya, jamani. Mlango wa seremala unakwama, nitauandikaje?

Halafu nikapiga deki mara mbili, nimekaa kwenye kiti nakisogeza. Maana huyu bwana na viatu ni hadithi nyingine. Miaka thelathini na moja namwambia avivue mlangoni, naye anapita navyo, na vumbi lake la mbao, mpaka jikoni. Nikigomba ananijibu, "Hapa ni kwangu."

Ijumaa saa nne kasorobo nilimtoa kwa kumshika shati. Goti haliniruhusu kwenda mbali, kwa hiyo tulivuka barabara tu, tukaingia kwa kinyozi anayetazamana na mlango wetu. Nikamwambia kinyozi amnyoe ndevu, na asifanye haraka.

Nesi akafika na Funguo, pamoja na mumewe, dereva wa lori, kipande cha mtu. Wakaingia. Hakuna aliyewaitikia. Baada ya muda dirisha la juu likaanza kutikisika.

"Lile linataka kubonyezwa chini kwanza!" mume wangu akasema, povu la kunyolea mdomoni.

"Kaa."

"Watalivunja!"

"Walivunje. Kaa!"

"Mzee," kinyozi akasema, "ukisimama tena nakuacha na ndevu nusu uende nazo nyumbani."

Dirisha likafunguka, kisha la pili. Nilisikia choo kikivutwa mpaka ng'ambo ile, au labda ni roho yangu tu ilivyokuwa juu. Nusu saa ikapita, bado wamo. Robo tatu. Nilikuwa nimeishika fimbo kwa mikono miwili. Nilikitaka chumba cha kulala chenye mlango, nikiingie kwa miguu yangu, nijichagulie nguo. Nilikitaka kiasi cha kutaka kulia pale kwa kinyozi, mbele ya vioo.

Saa tano ndipo nikakumbuka dawa ya goti. Nimeiacha juu ya friji! Nami nikiipitisha saa, siku nzima imeharibika.

Nilikosea kulitamka. Mume wangu alikuwa ameshasimama. "Nakuletea," akasema, na huyo, anavuka barabara na povu shavu moja. Nikamfuata ninavyoweza, nikimwita kwa sauti ya chini, "Wewe! Baba watoto! Usiwakaribishe! Nakuomba, usiwakaribishe!" Nilijua yatakayotokea. Atafungua mlango kwa kishindo, atasema karibuni jamani, ataweka maji ya chai motoni, na nesi wangu atageuka mgeni.

Nilimfikia mlangoni. Mkono wake ulikuwa umeingia mfukoni kwenye ufunguo. Ukatoka mtupu. Akautazama mlango aliouchonga mwenyewe, miaka ile nikiwa na mimba ya kwanza. Kisha akaugonga kwa vidole viwili, pole pole, kama anavyogonga kwa watu.

"Hodi," akasema.

"Karibu!" Ilikuwa sauti ya nesi, kutoka jikoni, ya mtu mwenye shughuli zake. "Uinue kidogo huo mlango, unakwama!"

Mume wangu hakusogea. Mimi nami nilisimama, mkono mdomoni. Nilijua tumeuza. Nilifurahi, na wakati huo huo nilihisi mtu amenivuta kitu kifuani. Miaka yote hiyo wa kuitikia hodi ya mlango ule alikuwa mimi.

Akauinua, ukafunguka.

Nesi akatokea jikoni, mikono ya gauni imekunjwa, karatasi yangu mkononi. Alipotuona akashtuka. "Yesu! Samahani, mzee! Nimesahau kabisa. Shikamooni. Hapa ni kwenu, nami nawakaribisha!"

"Marahaba, mwanangu," mume wangu akasema. "Umeitikia vizuri. Tumefuata dawa tu, ya mama."

Kutoka juu mumewe akapaza sauti, "Wewe! Kitanda chetu kinaenea! Ila bomba hili la bafuni bovu!"

"Imeandikwa!" nesi akamjibu, akiipunga karatasi.

Funguo akachungulia nyuma yake, uso mzima meno. "Mama, wanataka kuandikiana leo leo. Nimpigie simu mwenye nyumba ya chini?"

"Mpigie," nikasema. "Mwambie nahamia, na hili kochi nalichoma moto."

"Piteni basi," nesi akasema. "Piteni mkae, msisimame mlangoni."

Nikapita. Nilifika hadi kwenye friji, nikameza dawa yangu, ndipo nikaona sina mtu nyuma. Nikageuka nimwite. Alikuwa bado mlangoni, povu limekaukia shavuni, ameinama, anafungua kamba za viatu. Alivivua vyote viwili, akavipanga pembeni ya ukuta, akaingia.