Viatu vya Njumu Kutoka Nairobi

Kijiji kizima cha Msangeni, juu mlimani, kilijua alikopita Eliamini. Alifundisha mpira Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akavuka Mombasa, akapanda Nairobi, akafika mpaka Kampala. Kila timu yake ilipofungwa vibaya alikunja virago kabla watu hawajaanza kusema. Aliporudi mlimani, mvi zimeshamwingia, vijana walimpokea kama bwana arusi na kumkabidhi timu yao.

Ilikuwa timu nzuri. Walicheza pekupeku na kuzifunga timu za Kifaru na Kileo. Ndipo ukaja mwaliko wa kucheza Same, sikukuu ya kutawazwa kwa Malkia, mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na wazungu wenzake. Siku hiyo Eliamini akaitazama miguu ile yenye magaga, akaionea haya. Akatoa gunia la viatu vya njumu, vikuukuu alivyoomba kwa timu yake ya zamani ya Nairobi.

"Mwalimu, hivi vinanibana," alisema Filemoni, nahodha.

"Vitalegea ukikimbia."

Havikulegea. Uwanja wa Same ulikuwa mkavu, mgumu kama sakafu, na vijana waliteleza kama ndama wanaojifunza kusimama. Kufika mapumziko wameshafungwa matatu. Wenyeji wao walicheza pekupeku, na Bwana Shauri aliwapigia makofi bila kujali wamevaa nini.

Filemoni alivua kiatu kimoja. Kisigino kilikuwa kimechunika, damu inachuruzika.

"Tuvue, Mwalimu. Tutayarudisha haya mabao."

Eliamini alitupa jicho kwenye viti vya kivulini. "Mnataka wazungu waseme nimewaletea washamba?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Filemoni aliinama, akafunga tena kamba, wakarudi uwanjani wote. Walifungwa sita.

Lori liliwashusha chini ya mlima, na safari iliyobaki ilikuwa ya miguu. Vijana walipanda wakichechemea, viatu wamevitundika shingoni. Eliamini alitembea nyuma yao ili asitazamwe usoni. Kwenye kona moja Filemoni alimngojea.

"Utusamehe, Mwalimu. Tumekuaibisha mbele ya wakubwa."

Afadhali angemzaba kofi.

Asubuhi alifunga mzigo wake. Alisikia Arusha wanatafuta mwalimu wa mpira. Lakini njia ilipita uani kwa kina Filemoni, naye kijana alikuwa mlangoni, miguu yake imo kwenye karai la maji ya chumvi. Mama yake, Eliwaza, aliyemzidi Eliamini umri, alikuwa akipepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unasafiri?"

Eliamini alitua mzigo. "Nimekuja kuomba radhi. Jana niliwaonea haya vijana wenu. Miguu yao niliiumiza mimi."

Filemoni aliangalia majini. Mama akasema huku akipepeta, "Maharage yangu yanasongwa na magugu, na huyu hawezi kukanyaga chini. Jembe liko nyuma ya mlango."

Basi alilima, na suruali yake ya safari, kwenye mteremko ulio kando ya njia. Ilikuwa siku ya gulio, watu wanapita na mizigo yao kichwani.

"Mwalimu, umekuwa kibarua?"

Kila aliyeuliza, Eliamini alimweleza alichokifanya Same, bila kupunguza neno, na kila mara kulisema lile neno la washamba kulimchoma upya. Jua lilipokuwa utosini, Filemoni aliita kutoka mlangoni kwa sauti ya upole:

"Mwalimu, hapo unakata maharage."