Kanda Namba Tisa

Nilianza kumchukia Yasin siku mke wangu aliposema besi yake inamwingia hadi tumboni.

Tulikuwa kwenye harusi pale Shieywe, mwaka wa tisini na sita, na Yasin alikuwa amekuja na bendi yake kutoka Mumias. Winrose alikuwa amemaliza sahani yake ya ingokho, kuku wetu wa kienyeji, anatikisa kichwa taratibu. Miaka kumi na miwili ameishi na mpiga besi, na hajawahi kuniambia neno kama hilo.

"Huyo hana kitu," nikamwambia. "Ni amplifaya tu."

Niliona wivu, sifichi. Watu husema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mimi nilisema vimenunuliwa. Ile amplifaya yake, iliyovishwa kitambaa cha kijani, ilitoka kwa Shikanga, fundi wa redio nyuma ya soko la Kakamega, na kila mtu alijua hivyo.

Mambo yakaharibika zaidi Navalayo, mama anayeongoza bendi yetu, aliposema Yasin anataka kuhamia kwetu, na Jumamosi atatusikiliza mimi na yeye, kisha abaki na mmoja. Nafasi yangu ya miaka minane ilikuwa inaniponyoka hivihivi. Alhamisi nikaenda kwa Shikanga.

Shikanga ana desturi yake. Stima ya mji huu haina adabu, inaweza kupotea mteja akiwa mlangoni. Kwa hiyo amplifaya ikiingia dukani, humwambia mpiga besi yeyote aliyepo aipige kidogo, naye huinasa sauti kwenye kanda. Mteja akija, anasikilizishwa kanda kwa redio ya betri. Redio yenyewe huwekwa ndani ya chungu, maana spika yake ni ndogo na bila chungu besi inalia kama mbu. Hata mimi alininasa miaka miwili nyuma, nilipomuuzia amplifaya yangu nyeusi iliyochakaa.

"Nataka kusikia ile uliyomuuzia Yasin," nikasema. "Halafu unitafutie mwenzake."

Shikanga akanitazama kidogo, akachomoa kanda namba tisa.

Besi ikatoka chunguni. Nzito, tulivu, haina haraka ya kumfurahisha mtu. Nilitafuta kosa nikalikosa, na hilo likaniuma zaidi.

"Sikia huyo Yasin anavyoringa," nikasema. "Na kazi yote inafanywa na amplifaya."

Besi ikanyamaza, na sauti ya mwanamke ikasema ndani ya chungu, "Twende basi. Mvua haingojangi mtu, na obusuma sijapika."

Ilikuwa sauti ya Winrose.

Damu ikanipanda kichwani. Mke wangu, dukani humu, na Yasin, anamhimiza waende akampikie. Kumbe pale harusini alikuwa ananieleza waziwazi, mimi nikadhani anasifu muziki. Nilikuwa nimeshasimama niende nikaivunje nyumba yangu mwenyewe, ndipo mwanamume wa kwenye kanda akamjibu.

"Ngoja, mama. Wacha niage hili gogo. Halina sauti kabisa."

Nikakaa. Sauti ile ilikuwa yangu.

"Hiyo ni ile nyeusi yangu," nikasema.

"Ndiyo hiyo. Kitambaa cha kijani alibandika Yasin mwenyewe."

Wiki nzima nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili ya gogo nililolifukuza, na sasa hivi nilikuwa nimeionea wivu mikono yangu.

"Yasin alipoinunua, alijua ni nani anapiga?"

"Alijua, nilimwambia. Alisikiliza mara tatu, amekunja uso hivi kama wewe." Shikanga akaanza kucheka. "Akasema, huyo mzee Barnaba hana kitu. Ni amplifaya tu."

Nikamwomba aniazime ile kanda. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, na nilikuwa na mengi ya kujifunza kwa huyo mzee.